Dukani bei ni moja, ya GB 256 na ya GB 128, nichukue ipi?

SUALI

Assalaam alaykum kaka,

Mie ni mama wa watoto watatu niko Wete, nauza mitandio na madera kwa WhatsApp. Mzigo naletewa na boti kutoka Unguja, nikishaupokea napiga picha natia statasi, wateja wananipata hukohuko, wengine wako Chake, wengine Micheweni na Konde. Sina duka la mlango, duka langu ndo hii simu, kwa hivyo nikikwambia simu inanisumbua ujue nasema kuhusu riziki.

Niliinunua mpya mwaka juzi. Boksi limeandikwa GB 64 na RAM 4, na muuzaji kanambia ukiingia setingi unaifanya RAM 8, akanifanyia palepale nikafurahi. Miezi ya mwanzo ilikuwa nzuri wallahi. Saa hizi mteja akinambia nitumie ile mitandio ya zambarau, nafungua picha nakuta vijumba vya kijivu vitupu, vinajaa kimoja kimoja, mgongo wa simu unachemka mpaka naibadilisha mkono, na nikishaipata picha yenyewe mtu keshanambia nshachukua kwengine. Wiki iliyopita imenitokea mara mbili na mmoja alikuwa anataka mitandio sita ya harusi.

Stoo inasema imebaki GB 2. Nafuta picha, kesho imejaa tena.

Sasa nimeweka weka nimepata laki tatu na themanini. Kaka'angu kenda Darajani akanipigia, kuna simu mbili bei moja. Moja GB 256 na boksi limeandikwa RAM 16, nyengine GB 128 na RAM 6. Baba watoto anasema hapa hakuna cha kufikiri, 256 ni mara mbili ya 128. Mtoto wa dada'angu anasoma chuo kikuu cha SUZA, yeye kanambia uliza kwanza kama ni eMMC au UFS. Kaka akauliza, muuzaji akamjibu zote original. Majina ya simu nimekuandikia pembeni, niangalilie.

Na jengine, fundi wa hapa anataka nimpe hii ya zamani aiflashi, anasema itakuwa kama mpya. Naogopa, kwa sababu mama'angu alifariki mwaka jana na sauti alizokuwa akinitumia zimo humu WhatsApp, mpaka ile ya mwisho ananiuliza kama watoto wamekula. Sitaki zipotee.

Mama wa mitandio, Wete

JIBU

Waalaykum salaam dada'angu, na Mungu amrehemu mama.

Simu usimpe mtu kwanza. Fundi akiiflashi, yaani akiitia Android upya, kwa njia ya kawaida kila kilichomo kinafutwa, sauti za mama na zenyewe zinakwenda, na simu za siku hizi zinaandika vitu kwa kufunga kwa siri kwa hivyo kikishafutwa hakuna fundi wa Wete wala wa Unguja atakayekurejeshea. Nitalirudia hili huko chini kwa sababu linataka maelezo yake.

Dukani chukua ya GB 128. Majina uliyoniandikia sitoyataja hapa lakini nimeyaangalia yote mawili, ile ya 256 stoo yake ni eMMC 5.1 na ile ya 128 ni UFS 2.2, hizo ni aina mbili za chipu ya stoo, na huyo mtoto wa dada'ako mpe hongera, kauliza suali ambalo watu wengi wanaonunua simu hawaliulizi na wauzaji wengi hawalijui.

Ile namba ya GB inakwambia ghala lina ukubwa gani. Haikwambii mlango wa ghala una upana gani, na wewe tatizo lako limo mlangoni. Katika simu kuna chipu ndogo imechomelewa kwenye bodi, hiyo ndo inayobeba picha zako, WhatsApp yako, na Android yenyewe. Ukiitoa ile chipu ukaiweka kwenye kiganja, ya eMMC na ya UFS mara nyingi zinafanana sawasawa, milimita 11.5 kwa 13, na chini nukta za lehemu 153, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kwa macho huzitofautishi. Mie mwenyewe nasoma maandishi ya juu yake ndo najua ipi ni ipi. Basi usimlaumu sana muuzaji, ila neno original halijajibu suali aliloulizwa.

eMMC ni ya zamani zaidi, hiyo 5.1 kiwango chake kilitoka 2015, na ukomo wake kwenye karatasi ni MB 400 kwa sekunde, ukiipima kwenye simu ya bei yetu unapata kama 250 mpaka 300 kwa kusoma, kuandika ni chini ya hapo. UFS ilianza kuingia kwenye simu kubwa mwaka huohuo 2015, Galaxy S6 ndo ilikuja nayo, ikashuka taratibu mpaka kwenye simu za kati, na hii 2.2 ilitoka 2020, ukiipima unapata 500 na kuendelea, nyengine zinakaribia 1000. Lakini hizo ni spidi za kubeba kitu kikubwa kimoja, filamu kwa mfano, na wewe hubebi filamu.

Wewe ni mtu wa Pemba utanielewa haraka. Kubeba gunia la karafuu kutoka barazani mpaka kwenye gari ni kazi moja, na kukaa kuchambua karafuu na makonyo ni kazi nyengine kabisa, gunia lilelile lakini sasa unagusa moja moja. Simu yako kutwa inachambua. Ukifungua picha inatafuta vipicha vidogo elfu kadhaa, kila kimoja pahala pake, WhatsApp inaandika kwenye daftari lake kila meseji inayoingia, magrupu yanashusha video, Play Store inaapdeti kitu chini kwa chini, vyote kwa wakati mmoja. Na hapo ndo eMMC inapochoka, kwa sababu njia yake ni moja, ikiwa inaandika haiwezi kusoma, ikiwa inasoma haiwezi kuandika. Umewahi kupita vile vichochoro vya Mji Mkongwe, akija mtu na mkokoteni wewe ujibanze ukutani mpaka apite, basi ni vilevile. UFS ina njia ya kwenda na njia ya kurudi, inasoma na kuandika pamoja. Kile kijumba cha kijivu unachokiona ni simu imejibanza ukutani inasubiri video ya grupu ishuke kwanza.

Sasa yazidishie stoo kujaa. Memori ya namna hii haiandiki juu ya kitu cha zamani, lazima ifute kwanza, na haifuti kidogo kidogo, inafuta fungu zima, kwa hivyo ikiwa katika fungu mna vitu vibovu na vizima vimechanganyika inabidi ivihamishe vile vizima pahala pengine ndo ifute. Karafuu mbichi zimekuja na jamvi limejaa, utazianika wapi mpaka uzoe zilizokauka kwanza. Simu yenye nafasi inaifanya kazi hii usiku ukiwa umelala na umeiweka chaji, wewe hujui. Ikibaki GB 2 kati ya 64 haina pa kuhamishia, inafanya kazi hiyo mchana mbele ya mteja wako, na ndo hapo inapochelewa. Acha wazi hata GB 10 kwenye hiyo simu utaona tofauti.

Na kuna jengine baya zaidi, na hili linaniudhi kwa sababu linauzwa kama zawadi. Ile RAM 4 iliyofanywa 8. RAM, yaani memori ambayo simu inafanyia kazi za papo hapo, haiongezeki kwa kubonyeza, kinachofanyika ni kukata kipande cha stoo, hapo kwako GB 4, kikatumika kama RAM. RAM ya kweli ina spidi mara nyingi kuliko stoo yoyote, na hiki kipande kipo kwenye eMMC ileile iliyochoka na iliyojaa, sasa inaandikwa na kufutwa kutwa kucha. Kwa hivyo umepoteza GB 4 za nafasi, umeongeza msongamano mlangoni, na unaichakaza chipu, mana kila chumba ndani yake kina idadi ya kufutwa, ikifika kinakufa. Samsung wanaiita RAM Plus, Tecno na Infinix wanaiita MemFusion, jina lolote utakaloliona ingia setingi uizime leo kisha uiwashe upya simu. Na ile RAM 16 ya kwenye boksi la Darajani ni hadithi hiyohiyo, ni 8 ya kweli na 8 ya kukata, juu ya eMMC. Nane ya kweli ni nzuri, sikatai, lakini waandike 8.

Baba watoto ana hoja yake na ni ya haki, GB 256 ni nyingi na simu imejaa, mtu yeyote angesema hivyo. Lakini fikirini nyote wawili, nafasi unaweza kuiongeza baadae, hiyo ya 128 nimeona ina pahala pa memori kadi, picha za mitandio ya mwaka jana unazitia kwenye kadi au kwenye kompyuta zinakaa. Spidi ya stoo huiongezi, chipu imechomelewa, uliyonunua nayo ndo utakayokufa nayo. Miaka mitatu ukiwa na 256 ya eMMC utakuwa na ghala kubwa lenye mlango uleule unaokusumbua leo, na kadiri unavyolijaza ndo linavyozidi kuwa zito. Kama ingekuwa anayenunua ni mzee wangu, anapiga simu, anasikiliza Qur'an na mawaidha, anapokea picha za wajukuu, hapo eMMC ya 256 ningemwambia nunua uondoke, haina ubaya wowote kwa kazi hiyo. Wewe ni mfanyabiashara, kwa siku unafungua picha mara mia.

Kabla kaka hajatoa pesa naomba afanye mambo haya, na akikataliwa aondoke, maduka Darajani na Mlandege hayana idadi.

Kwanza aangalie simu ni modeli ileile hasa, siyo ndugu yake mwenye jina linalokaribiana, kwa sababu hapo ndo watu wanapoumia. Chukua Redmi 13C na Redmi Note 11, majina ni ya nyumba moja, zote utazikuta na GB 128, lakini 13C ni eMMC 5.1 na Note 11 ni UFS 2.2. Boksi halikwambii. Tovuti ya GSMArena inakwambia, unaandika jina la simu, unashuka mpaka sehemu ya memori, chini ya GB pameandikwa eMMC au UFS. Hata jina la prosesa, ule ubongo wa simu, linasaidia, ukiona Helio G35, G37 au G85 hizo hazijatengenezwa kuchukua UFS kabisa, ni eMMC tu, na ukiona Helio G99 hiyo inakubali UFS 2.2. Zipo prosesa zinazochukua zote mbili, hapo kampuni ndo inaamua itie ipi, na ikitaka kubana bei unajua itatia ipi.

Pili aipime simu yenyewe, ile ile atakayoondoka nayo. Mwaka 2017 Huawei P10, simu ya bei kubwa, watu walianza kuzipima wakakuta mwengine ana UFS 2.1, mwengine UFS 2.0, mwengine eMMC 5.1, modeli moja na bei moja, na mkubwa wa kampuni Richard Yu ikabidi azungumze, akataja uhaba wa chipu na baadae akaomba radhi kwa namna walivyolijibu. Kama kwenye simu ya bei ile liliwezekana, sisi wa laki tatu tupime tu. Atumie bando lake kushusha programu inaitwa AndroBench, ni ndogo, abonyeze ipime, kwa dakika chache inatoa namba. Aangalie ya kwanza, ya kusoma kwa mfululizo. Ikija 280 hivi ni eMMC hata muuzaji aape. Ikipita 500 ni UFS. Kisha ashuke kwenye zile mbili za vitu vidogo vidogo, kusoma na kuandika, azipige picha anitumie, mana hizo ndo zinazokuhusu zaidi wewe na vijumba vyako vya kijivu.

Wataalamu wa kijiweni watamwambia chukua used ya Dubai, simu kubwa ya 2018 ina UFS kwa bei hiyohiyo. Ni kweli UFS inayo. Lakini betri imechoka, apdeti za usalama zimekwisha, na stoo yake hujui imefutwa mara ngapi kabla yako. Kwa simu ya biashara hapana.

Kadi ya memori nunua yenye alama ya A1 au A2, hizo zimepimwa kwa vitu vidogo vidogo, A1 lazima ifikishe angalau mara 1,500 za kusoma kwa sekunde na 500 za kuandika, A2 ni 4,000 na 2,000. Ya GB 64 inakutosha. Usinunue ile inayoandikwa TB 1 kwa elfu kumi na tano, ndani mna GB 8 au 16 imedanganywa kujitaja kubwa, unatia picha zinaonekana zimeingia, siku unazifungua hakuna kitu. Ukishanunua mpe kijana wa SUZA aipime kwenye kompyuta kwa programu ya H2testw, itaijaza mwanzo mpaka mwisho kisha isome tena, inachukua saa nzima au zaidi lakini ndo utajua. Na kwenye kadi weka picha tu, programu ziache ndani ya simu.

Simu ya zamani usiitupe. Zima RAM ya bandia, ingia WhatsApp kwenye setingi za stoo uone grupu gani limekula nafasi, nina hakika ni moja au mawili ya video, zifute za humo peke yake. Zima kushusha video na picha zenyewe zenyewe. Angalia pia folda ya picha ulizozituma, mana kila mtandio unaowatumia watu kumi WhatsApp inaweza kuwa na nakala zake mbali na ile ya kamera, watu wengi hawajui hiyo folda ipo. Ukiipunguza mpaka ikabaki nafasi ya GB 15 itamfaa mtoto wa skuli, au ukaiacha ya kupigia picha tu.

Lakini yote hayo, kufuta na kupunguza, baada ya sauti za mama. Hapa nenda pole pole. Bekapu ya WhatsApp ya Google fanya, lakini hakikisha akaunti yako ina nafasi, ile ya bure ni GB 15 na siku hizi WhatsApp inahesabiwa humo pamoja na barua pepe zako, ikijaa bekapu haipandi na wewe unaweza usijue mpaka siku unaihitaji. Kwa hivyo usiitegemee hiyo peke yake. Chukua waya, unganisha simu na kompyuta ya kijana, muingie folda ya Android, kisha media, kisha com.whatsapp, WhatsApp, Media, mtaona folda ya Voice Notes. Ndani yake mafaili yamepangwa kwa wiki, hayana majina ya watu, kwa hivyo msianze kuchagua, chukueni folda nzima nzima muinakili kwenye kompyuta na tena kwenye flashi ya USB, sehemu mbili. eMMC iliyochoka ikifa haitoi taarifa, unalala simu nzima unaamka imeganda kwenye nembo ya kampuni, nimeletewa simu za namna hiyo na mwenyewe analia, na sikuweza kumsaidia. Fanya wiki hii, usingoje simu mpya ifike.

Kisha fungua zile gumzo zako na mama, kwenye simu, uangalie tarehe ya ile sauti ya mwisho. Rudi kwenye kompyuta utafute wiki hiyo, mafaili yanaishia na opus, programu ya VLC inayacheza. Usikilize moja moja mpaka uifikie ile ya watoto wamekula. Ukishaisikia inatoka kwenye spika za kompyuta, mwanzo mpaka mwisho, hapo ndo uchomoe waya na uanze kufuta.